Maktaba Iliyonyamaza

Kusoma kwangu ni chuo cha Kurani na miaka mitatu ya skuli, basi. Lakini mjukuu wangu ndiye anayechunga kompyuta za kliniki moja kule Mbaraki. Mtaa mzima wa Kuze wajua, nimeitangaza mwenyewe.

Asubuhi ile alikuwa mezani kwangu jikoni na kompyuta yake ndogo, uso umesawijika, chai imepoa.

"Bibi, leo naziba tundu kwenye kompyuta za kliniki. Nikikosea, majibu ya damu ya wagonjwa hayatatoka, na mkubwa wangu kashasema nisirudi."

"Basi usizibe!"

"Nisipoziba, mwizi ataingia."

Akanieleza. Kompyuta ina mahali pa kuweka vitu vya muda mfupi tu, kama baraza ya nje. Mwizi akitupa pale karatasi iliyoandikwa "fungua kabati", nyumba haifai kuitii. Hii ilikuwa ikitii! Sababu ni maktaba moja ya zamani, yaani furushi la amri ambalo programu nyingi huazima, kama masufuria ya harusi ya mtaa. Kila programu iliyoliazima ilibeba na ruhusa ile mbovu ya kutii vya barazani.

"Mpumbavu gani aliyeomba ruhusa hiyo?"

"Hakuna aliyeomba. Aliyeiandika maktaba alisahau kusema haitaki. Kompyuta ikachukua kimya kuwa ni ndiyo."

"Kama nilivyoozwa mimi."

"Bibi!"

"Waliniuliza mara tatu, mimi niko nyuma ya pazia, ulimi umekauka kwa hofu. Huko nje wakasema, karidhi huyo."

"Kwani hukumtaka Babu?"

"Babu yako nilimpenda baadaye. Siku ile nilitaka kuruka dirisha."

Akacheka, kicheko kikakatika njiani. "Kwenye nakala ya programu nimejaribu kuiondoa, ikakubali. Lakini nakala si kliniki."

"Iandikie hapana yake," nikasema. Sauti yangu mwenyewe sikuijua.

Akabonyeza. Ruhusa ikaondolewa, programu ikawashwa upya. Nilisoma kila dua niijuayo, nikachanganya mwanzo na mwisho.

Simu ikalia. Sauti ya muuguzi ikajaa jikoni: "Majibu ya kwanza yametoka. Haya, na ya pili hayo. Kompyuta ilizimika kidogo, kwani ulikuwa ukifanya nini?"

"Ah, si kitu," akajibu mjukuu wangu.

Nikamfinya paja. "Mwambie! Wacha kunyamaza!"