Do Chini, La Juu

Siku ile siisahau, mwanangu, na ukinisikia nacheka ujue nacheka kwa aibu. Ilikuwa Kengeja, harusi ya dada yangu Salma, aliyekuwa anaolewa Makoongwe. Uwanjani wanawake watupu, mwali kafunikwa kanga, na mimi nimekaa mbele ya kinanda najiona nimefika.

Kikundi cha muziki kilikuwa cha Bi Zuwena. Sauti nzito za chini hupigwa na mwenzetu wa gitaa la besi, lakini ulikuwa msimu wa karafuu, naye alikwenda kuchuma Mtambile. Basi besi nikaachiwa mimi, kwa mkono wa kushoto. Bi Zuwena alikuwa amenifundisha mwisho wa wimbo wa kumtoa mwali: mkono wa kulia upige pamoja noti za do, mi na so, kisha uongeze la. Hiyo la ni ya sita ukihesabu kutoka do, ndiyo maana noti hizo zikipigwa pamoja tunaziita kodi ya sita. Bila yake furaha husikika kavu; ikiwamo, inaingia upole, kama mtu anayetabasamu huku anaaga.

"Mkono wa kushoto ukae do," alinambia. "Usende pengine."

Mimi nikaona do ni ya wanaoanza. Nilishagundua kuwa noti hizo nne ni zile zile hata ukianzia la, basi wimbo ulipofika mwisho nikaikandamiza la chini kabisa, kwa maringo.

Mwanangu, uwanja ulipoa. Furaha yote ikageuka huzuni; kumbe noti ya chini ndiyo inayoamua kama zile za juu zicheke au zilie. Salma, aliyejikaza tangu asubuhi, akaangua kilio. Mama mkwe wake akasimama.

"Kwani mwali kalazimishwa? Kama hataki tuambiwe, turudi kwetu."

Nilimwona mama yangu kashika kichwa, nikajua harusi ya dada yangu inavunjika kwa kidole changu kimoja. Nilitamani ardhi inimeze.

Bi Zuwena hakunigombeza. Aliniinamia sikioni. "Wa kulia uwache ulivyo. Wa kushoto urejeshe do. Pole pole."

Nikarejesha. Juu sikubadilisha hata noti moja. Salma akainua kanga, akanitazama, akacheka na machozi yake usoni. "Namtaka," akasema. "Kiloniliza ni kinanda hicho!" Mama mkwe ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Sasa wewe, vidole vyako vyepesi kuliko vyangu. Ipige kodi ya sita kwa mkono wa kulia peke yake, uisikilize. Kisha weka do chini, halafu la, mpaka sikio lijue tofauti. Na ukiitwa kwenye siku ya mtu, usiitumie kujionyesha. Ukipewa kazi ya chini ifanye vizuri, maana wenzako wote wameiegemea.

Salma ana wajukuu sasa. Kila tukionana, hata salamu hazijesha, huniuliza kama do iko mahali pake. Namwambia ipo. Mungu akupe mkono wa kushoto mtulivu, mwanangu, na asikujaalie kuwa sababu ya chozi la mtu siku ya furaha yake. Amin.