Fundichuma na Kadi ya Mama Nicholas

Kila asubuhi, ikifika saa moja, Phineas Wamalwa alitoa kigoda chake nyuma ya nyumba, akaweka redio juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua daftari na kuanza kazi. Kazi gani? Kutazama ndege. Mtu mzima wa miaka sitini na mmoja, mwenye mke na shamba dogo pale Yamumbi, nje kidogo ya Eldoret, ameketi na kalamu kana kwamba kunguru ndio waliomwajiri.

Na kabla ya hapo alikuwa nani? Karani wa kiwanda cha mbao. Miaka ishirini na minane aliandika magogo yaliyoingia getini, hili refu, hili fupi, hili limeoza, na msitu mzima ukapita chini ya kalamu yake bila yeye kujiuliza ndege walihamia wapi. Alipostaafu ndipo mapenzi ya miti yalipomshika. Kwake ulikuwa umebaki mti mmoja tu wa maana, mgunga mzee uliosimama mwisho wa shamba, karibu na kijito.

Aliamini kwamba ukitaka kuielewa taarifa ya habari, uliza ndege. Kwarara, wale weusi wenye midomo mirefu iliyopinda, walipita juu ya paa alfajiri wakipiga kelele, wote kelele ile ile, naye akaandika: "Wameunga mkono tena." Kwera dume alisuka kiota siku nne, jike akaja kukikagua, hakikumpendeza, akakirarua chote. Siku hiyo hiyo, taarifa ya saa saba ilitangaza kwamba waziri msaidizi mmoja amefutwa kazi, na inasemekana mwenyewe alikuwa mezani, mkono uko kwenye ugali, akasikia habari zake pamoja na sisi wengine. Phineas akaandika: "Kamati ya nidhamu imekaa." Kunguru aliwaita waheshimiwa, na aliyoyaandika juu yao sitayarudia hapa, maana nami nina watoto.

Alikuwa jasiri sana, Phineas. Mbele ya ndege hakuna aliyemshinda. Mbele ya watu aliitikia kila kitu, akavua kofia hata kwa askari wa baraza, na nyimbo za Chama aliziimba kwa sauti ya kwanza.

Aliyelisha nyumba hiyo alikuwa mkewe, Tryphosa Nangila, ambaye watu walimwita Mama Nicholas kwa jina la mwana wao aliyekuwa Nakuru. Aliuza sukuma wiki, kunde na vitunguu katika soko moja mjini, mahali pale pale kando ya bomba la maji, mwaka wa kumi na nne huo. Watu walijua wakitaka kunde ambayo haijalala, wamtafute penye bomba. Mahali kama hapo hupati mara mbili, na wenye kupamezea mate walikuwa wengi.

Sasa, mwaka huo wa themanini na saba, bila kadi ya Chama hukuingia sokoni. Getini alisimama Johnstone, kiongozi wa vijana wa Chama upande ule. Kijana huyo alikuwa na miaka arobaini na minne, mvi za kutosha na wajukuu wawili. Kila mama aliyefika na kikapu alizuiwa kwa rungu, kisha Johnstone akapigapiga mfuko wa shati lake na kusema, "Yangu iko hapa. Yako iko wapi?" Hakuna aliyewahi kumwambia aitoe tuione. Nani angethubutu?

Basi, mwezi wa Februari, fundichuma wawili walihamia kwenye ule mgunga. Ni ndege wa rangi ya udongo, kichwa kimechongoka mbele na nyuma kama nyundo, na kwa ujenzi hana mfano. Kiota chake mtu anaweza kusimama juu yake. Huanza kwa vijiti na matope, halafu paa analipamba kwa chochote anachookota au kuiba: tambara, mfupa, soksi, gazeti. Phineas alifurahi kama aliyepata mjukuu.

Majirani hawakufurahi. Watu wengi wa huku, wa magharibi na wengineo, watakuambia kiota cha fundichuma hakiguswi. Ukikigusa mwili unatoka madoa yasiyopona, na nyumbani kwako amani inaondoka. Phineas aliwacheka. "Ushamba huo," alimwambia jirani yake Nderitu mwenye duka. "Ni ndege tu kama kuku." Lakini vijiti vilivyoanguka chini ya kiota alikuwa akivisogeza kwa fimbo ndefu, na mimi sijui mtu asogezaye manyoya ya kuku kwa fimbo.

Jumanne ya tarehe tatu Machi aliandika: "Fundichuma amevuka kijito. Ameiba kitu chenye rangi kwenye nguo zilizoanikwa kwa jirani wa ng'ambo. Amekipachika juu ya paa." Akageuza ukurasa, akasahau.

Alhamisi ya tarehe kumi na tisa, Tryphosa aliamka akakuta kadi yake imelowa, kwa kuwa jana yake alinyeshewa akitoka sokoni. Akaianika juu ya jiwe la kufulia, akaiwekea kijiwe, akaenda kukata sukuma wiki. Fundichuma akatua. Akakitazama kile kijiwe kwa jicho moja, kisha kwa jingine, akakisukuma kwa mdomo, akabeba kadi akaenda nayo juu. Phineas aliona yote tangu mwanzo hadi mwisho, hatua saba kutoka pale alipoketi, wala hakuinuka. Aliandika mbio mbio: "Ameondoa kijiwe kwa mdomo. Akili ya ajabu. Amechukua karatasi yenye picha ya jogoo. Jogoo hakupinga." Akajichekea mwenyewe.

"Baba Nicholas," mkewe aliita kutoka kwenye jiwe, "umeona kadi yangu?"

"Kadi gani?"

"Ya Chama. Ile ya jogoo. Nimeiweka hapa sasa hivi."

Phineas alitazama daftari. Kicheko kilimkauka mdomoni. "Pengine ni upepo," alisema.

Siku hiyo hata jani la mgomba halikutikisika. Tryphosa alitafuta chini ya jiwe, ndani ya nyasi, hadi kwenye banda la kuku, na mumewe akatafuta pamoja naye, ameinama, anafunua majani ya maboga kwa bidii ya kutisha. Alijiambia ananyamaza kwa ajili ya ndege. Akisema, kiota kitabomolewa, na mayai yamo ndani, na mayai yana kosa gani? Sababu nzuri kabisa. Iliyobaki hakujiambia, kwamba akisema ataulizwa ni nani apande, na mwanamume wa nyumba hiyo ni mmoja.

Ijumaa Tryphosa alirudishwa getini na kikapu chake. Alimweleza Johnstone kwamba anamjua miaka yote hiyo, na kadi aliiona juzi. "Mama, mimi simjui mtu, ninajua kadi," alijibiwa. Kuhusu kupata nyingine, aliambiwa angoje zoezi la kuandikisha wanachama mwaka ujao. Na mahali pake pangengoja hadi Jumamosi ya wiki iliyofuata. Baada ya hapo pangepewa mwanachama kamili.

Sukuma wiki ikaanza kunyauka jikoni. Kwanza walikula wao, kisha wakampa Nderitu, kisha kuku nao wakala. Tryphosa hakulia, lakini alianza kufagia uwanja mara tatu kwa siku, na anapofagia alipita karibu na kigoda cha mumewe mpaka vumbi likaingia kwenye redio. Redio nayo ilisema nchi ina amani na mavuno ni mazuri. Phineas aliandika habari za chozi, yule ndege mdogo wa maua, na za mwewe kwa mwandiko uliozidi kuwa mdogo. Usiku hakupata usingizi vizuri, na alistahili.

Siku ya nane, tarehe ishirini na saba, Phineas alipokwenda chooni, Tryphosa alichukua lile daftari kutafuta kalamu. Miaka yote hakuwa amelifungua. Alisoma ukurasa mmoja amesimama, akaketi kwenye kigoda, akasoma zingine. Mumewe aliporudi alimkuta amelifunga, amelishika mapajani kwa mikono miwili.

"Ulijua," alisema.

Phineas alifungua mdomo. Akataja mayai.

"Ulinisaidia kutafuta kwenye maboga."

Tryphosa alijifunga leso, akalitia daftari kwapani, akatoka kwenda kwa naibu chifu.

Alirudi na wawili. Naibu chifu, Mzee Jeconia, alikuja na kofia yake ya kazi na fimbo. Johnstone alikuja na rungu. Mama alikuwa amewaambia kadi ya Chama imo kwenye kiota cha ndege, na anataka mashahidi ili kesho asiambiwe ameiokota njiani. Wakasimama watatu chini ya mgunga, serikali, Chama na mpenda ndege, shingo zimekunjwa nyuma, wanatazama juu. Fundichuma naye aliwatazama.

"Hii ni dharau," alisema Johnstone. "Jogoo kulala kwenye taka za ndege."

"Basi mtoe," alisema Tryphosa.

Johnstone alisogea nyuma kidogo. Alisema yeye ni mgeni katika boma hili, na mwenye ndege ni Mzee Phineas. Phineas alisingizia magoti. Kisha akaeleza, kwa kirefu, kwamba wataalamu wanashauri fundichuma asisumbuliwe wakati wa kuatamia. Mzee Jeconia aliguna. Alikuwa na mjomba, alisema, ambaye ujanani alivunja kiota kama hicho, na mikono yake haikuwahi kuwa mikono tena. Basi na ukatwe mti, alisema Johnstone. Hapana, alisema Jeconia, mti haukatwi bila kibali, na kibali anatoa yeye, na yeye hakitoi, maana ukianguka na kiota, jina litakaloandikwa ni lake. Walijadiliana hivyo nusu saa. Mtu angewasikia kwa mbali angesema ni kikao cha kweli.

Tryphosa aliwaacha wakiendelea. Alikwenda nyuma ya banda, akaburuta ngazi, akaiegemeza mwenyewe kwenye shina, na kabla hajakanyaga alimrudishia mumewe daftari. "Shika. Mimi ninaogopa njaa tu," alisema, akapanda.

Ndege aliruka akakaa tawi la pili, akipiga kelele. Mama hakuvunja kitu. Alinyoosha mkono juu ya paa la kiota, akaondoa soksi, akairudisha, akaondoa kipande cha gazeti, akakirudisha. Akashuka polepole, na mkononi ana kadi mbili.

"Hii yangu," alisema, akamwonyesha naibu chifu. Ya pili aliifuta tope kwa leso, akalisoma jina lote, la ubatizo na la baba, kama wanavyoitwa watu mahakamani. Lilikuwa la Johnstone.

Mkono wa Johnstone ulikwenda mfukoni mwa shati wenyewe. Ukakaa humo.

"Ilipotea jana," alisema.

"Tarehe tatu," alisema Tryphosa. "Jumanne. Ndege alivuka kijito, akaichukua kwenye nguo zako. Imeandikwa." Akamkabidhi. "Kesho utaweza kuingia sokoni hata wewe."

Mzee Jeconia alikohoa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Halafu, ole wetu, jicho lake likatua kwenye daftari. "Mzee Phineas," alisema taratibu, "hicho kitabu kina tarehe. Kina nini kingine?"

Phineas alilikumbatia daftari kifuani. Humo mlikuwa na kamati ya nidhamu. Mlikuwa na waheshimiwa, kurasa arobaini, na walivyogombania utumbo wa mbuzi. Watu walikuwa wamechukuliwa majumbani mwao kwa maneno machache kuliko hayo. Alitafuta sauti, ile aliyokuwa nayo asubuhi mbele ya kwarara, asiione.

"Ni ndege tu, Mzee," alisema Tryphosa, akikung'uta leso. "Amekula nini, amelala wapi. Huyu mtu wangu hana kitu kingine kichwani. Wewe si umemwona leo?"

Naibu chifu alimtazama Phineas kuanzia kofia hadi viatu. Aliridhika. "Kweli," alisema, na wakaondoka, Johnstone akitangulia kwa haraka ya mtu aliyekumbuka kazi.

Jumamosi saa kumi na mbili Tryphosa aliweka kikapu kichwani akaenda zake, na inasemekana getini hakuulizwa kitu. Redio aliondoka nayo. Phineas alitoa kigoda hata hivyo. Aliketi kwenye ukimya, fundichuma akirekebisha paa lake, akafungua daftari aandike tarehe, akakuta imekwisha kuandikwa. Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa mtu aliyezoea kuandika kwa chaki kwenye ubao wa bei.

"Machi 28. Ndege mkubwa, koti la kijivu, kofia. Huimba sana akiwa peke yake. Hula anacholetewa. Hapandi mti."