Vitabu vya Chakula Mwezi wa Kufunga

Miaka michache kabla ya uhuru nilikuwa mke mpya Likoni, nikikaa na mume wangu na mama yake. Alasiri nilikwenda darasa la kina mama, kwenye ukumbi wa mabati. Mwalimu wetu alitoka Kisauni, mwepesi wa maneno, na ufunguo wa kabati la vitabu aliuvaa shingoni.

Siku moja, Ramadhani ikikaribia, alitufungulia rafu ya chini.

"Vyote hivi ni vya chakula," akasema. "Atakayevimaliza wa kwanza kabla ya Idi, na kila kimoja akatusimulia hapa mbele, namtunza sinia yenye maua."

"Mwalimu, huoni tutakuwa tumefunga?" jirani yangu akauliza.

"Kwani mwasoma kwa midomo?"

Tukacheka, tukajiandikisha, mimi na jirani tukiwa wa mwanzo.

Sikujua nilichojitakia. Saa za jioni, mama mkwe akikuna nazi ya futari, mimi nilikaa karibu yake nikisoma kwa sauti habari za asali, za mtama, za samaki wa kupaka. Tumbo lilininguruma hadi nikapoteza mstari. Yeye ndiyo kwanza alikuwa ananogewa. Alipenda zaidi kitabu cha msafiri aliyekaribishwa karamu kila alipotua.

"Rudia pale pa nyama ya kuchoma."

"Mama, nimekwisha kurudia. Na tumefunga!"

"Nimefunga mdomo, mwanangu. Masikio sikufunga."

Vitabu vya Kiswahili nilivimaliza vizuri. Cha mwisho kilikuwa cha Kiingereza, cha mapishi ya Kizungu, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Nikamshika mume wangu, karani wa shehena kule Kipevu, anifasirie kabla ya magharibi. Akakaa kitako, akajikohoza kama hakimu.

"Chakula hiki jina lake ni chura ndani ya shimo."

Mama mkwe akaacha kukuna. "Chura?"

"Ndivyo kilivyoandikwa, mama."

"Nao wamla?"

"Wasema aliwe angali moto."

"Astaghfirullah!"

Mume wangu akafungua ukurasa mwingine haraka, apate kumtuliza. "Na hiki ni malaika juu ya farasi."

"Funga kitabu hicho!" mama akasema. "Chura nimewasamehe. Malaika, wallahi, hapana!"

Tulicheka, naye mwenyewe akaja kucheka, lakini mimi sikulala vizuri na chura yule. Kesho yake nikamuuliza mwalimu. Alicheka hata akashika kiti. Ni unga, mayai, maziwa na soseji, akasema. Chura ni jina tu. Nikarudi mbio nyumbani, nikamkuta mama mkwe amekaa kitako mahali pake pa kila siku.

"Mama, umekalia nini?"

"Mbuzi. Huoni nakuna nazi?"

"Mbona halii?"

Akanitazama, akaitazama ile mbuzi ya mti na meno yake ya chuma, akaangua kicheko. Nikamweleza vya ndani ya chura, kuanzia unga hadi soseji. "Basi mpike huyo chura," akasema. "Lakini soseji zao sizijui zimetiwa nini. Tia kababu."

Siku ya kusimulia nikampika kwa moto wa juu na wa chini, kama tupikavyo mkate wa mayai. Akaumuka vizuri sana, nami nikambeba kichwani hadi ukumbini kwa maringo. Nilipofunua kawa, alikuwa amenywea kama mto uliokaliwa. Wenzangu wakauma midomo. Hata hivyo nilisimama, nikasimulia vitabu vyote, hicho cha mapishi mwisho, na nilipofika kwa malaika kelele zao zilisikika barabarani. Adhana ilipolia tukafungua kwa tende, kisha chura akaliwa hadi makombo. Mama mkwe, aliyenifuata asikose vituko, alikula vipande viwili.

Sinia aliipata jirani yangu, aliyemaliza siku mbili kabla yangu. Iliniuma kidogo, lakini ile raha ya kusikilizwa na watu wazima wamenyamaza, kisha kuwachekesha, sikuwahi kuionja kabla ya siku ile.

Idi ilipopita mwalimu alifungua rafu ya pili, ya vitabu vya safari. Mama mkwe, aliyenifuata tena, akanisukuma kando.

"Nami niandike."

"Wasoma, mama?" mwalimu akamuuliza kwa heshima.

"Herufi za Kiarabu nasoma tangu utotoni. Hizi zenu nitajifunza, inshallah. Nimechoka kumwomba huyu anirudilie."

Akajifunza kweli, polepole, kidole juu ya mstari. Mwaka wa uhuru gazeti likiingia nyumbani lilikwenda kwake kwanza, na mume wangu alikaa akingoja zamu yake.