Mvua ya Kwenye Kifuniko

Juzi mjukuu wangu alipofunua sufuria ya wali, matone yalidondoka kutoka kwenye kifuniko, nami nikarudi shule ya misheni kule Mpwapwa, enzi za Mjerumani.

Mwaka ule mvua iligoma. Darasani, Bibi mwalimu, Mzungu, alichemsha maji kutuonyesha mvua inavyotokea, akaukinga mvuke kwa kifuniko baridi, matone yakadondoka. Nilitoka mbio hadi nyumbani.

"Mama, Bibi analeta mvua!"

Kesho yake mama akamletea kondoo mweusi, wetu wa mwisho, kama wanavyopelekewa waganga wa mvua. Bibi alishukuru sana, akidhani ni zawadi ya kutumia kwenye somo la mapishi. Mchana tukampika kondoo yule. Mimi nilidhani ndivyo mvua inavyoombwa Kizungu, nikala mpaka vidole vikanuka mafuta.

Mama hakuonja. Alikaa nje ya darasa na jembe lake, akitazama mashariki, mvua inakotokea.