Moyo Uliobaki Homa Bay

Mara ya kwanza nilipouona moyo wangu nilidhani ni wa mtu mwingine. Nilikuwa nimelalia ubavu wa kushoto katika chumba chenye mapazia mazito, shati nimelivua, na dada wa picha alikuwa akisukuma kifaa chake kati ya mbavu zangu. Mafuta aliyonipaka yalikuwa baridi kama tope la ziwani asubuhi. Skrini ilikuwa giza tupu. Halafu kitu cha kijivu kikajitokeza kando, kikajikunja, kikajikunjua, kikapotea tena.

"Moyo wako una haya kama mwenyewe," akasema. "Unajificha nyuma ya mapafu. Toa pumzi yote, ubaki hivyo."

Nikatoa. Ukaja.

Wagonjwa walimwita daktari, ingawa yeye alisema kazi yake ni picha tu. Alikuwa mtu wa Kendu Bay, mpole, mwenye mazoea ya kuongea na mashine chini kwa chini. Mimi nilikuwa nimetoka upande wa Kisegi, ninakoishi na mama yake baba yangu, ninayemwita dani kama watu wa kwetu wanavyowaita bibi zao. Siku hiyo nilikwenda hospitali ya Homa Bay peke yangu kwa sababu omena zake, dagaa wa ziwani, zilikuwa juani na mawingu yalikuwa yanakuja.

Nilipokuwa mdogo koo liliniuma mara kwa mara, kisha viungo vikavimba, na baada ya hapo nikawa siwezi kukimbia. Nilimaliza darasa la nane nikaishia hapo. Sekondari ilikuwa juu ya kilima, na kilima kilinishinda. Dada wa picha alinieleza kwamba kilango kimoja cha moyo wangu hakifungi sawasawa, kwa hivyo damu inarudi nyuma, na moyo unafanya kazi ileile mara mbili. Swali lilikuwa kama nyama yenyewe ya moyo imeanza kuchoka. Ikiwa imechoka, nipelekwe hospitali kubwa wanakopasua mioyo, kabla haijachoka kabisa. Ikiwa bado, nisubiri.

Hilo jicho la mtu haliwezi kuliona, alisema. Akaihamisha picha kwenye kompyuta iliyokuwa mezani, akachora mstari kuuzunguka ukuta wa moyo, na ile programu ikamwaga vidoa juu ya mstari huo. Kila kidoa kilishika chembe moja ya nyama na kuifuata ilikokwenda. Moyo ulipojikunja vidoa vilikimbilia ndani vyote pamoja, kila kimoja na mkia wake mfupi, kama dagaa wanaposhtuliwa na kivuli.

Kasoro kimoja. Hicho kilibaki nyuma. Wenzake walipokuwa wanarudi, ndipo nacho kilipoanza kwenda.

Aliniambia nisiogope, kidoa kimoja si neno kubwa. Nirudi baada ya miezi kadhaa, apige picha nyingine, na programu izilinganishe mbili. Akanipangusa mafuta, nikavaa shati. Nilipokuwa nafunga vifungo nikainua macho, na moyo wangu ulikuwa bado unapiga pale mezani, kifaa kikiwa kimelala kwenye kishikio chake. Nikaweka mkono kifuani. Hayakuwa mapigo yaleyale. Wa kwangu ulikuwa wa haraka kuliko ule.

"Hiyo imerekodiwa," akasema bila kugeuka. "Ni mapigo machache yanajirudia."

Nilifunga mlango, moyo ule ukiendelea kupiga.

Nyumbani nilimweleza dani mambo yote kama nilivyoyaona, na kosa langu, kama ni kosa, ni namna nilivyosema: kwamba nimeuacha ukipiga. Alikuwa anageuza omena kwa ufagio juu ya wavu. Akasimama. Akaniuliza uko ndani ya nini, nikamwambia ndani ya kompyuta. Akauliza kama kuna mtu anayekaa nao jioni wakishafunga. Nikasema sidhani. Akarudi kugeuza omena.

Siku chache baadaye nikaikuta yago nyuma ya mlango wa nyumba yake, imefungwa kwa leso kuukuu. Yago ni tunda la mti, refu, gumu, zito kama mtoto mchanga. Kwetu mtu akipotea ziwani na mwili usipatikane, huzikwa yago mahali pake. Baba yangu amezikwa hivyo. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka wanaume wakiingia uani na tunda hilo mikononi, wakilibeba polepole kama mtu anayeweza kuumia, na dani akilifunika miguu. Halikuwa na miguu. Alifunika upande ambao ingekuwepo.

Sikuuliza hii ya sasa ni ya nani. Kila nilipoingia kula niliipita, na kila siku ilikuwa imenyauka kidogo na leso imelegea.

Kazi yangu ni kushona nyavu, kazi ya kukaa. Unapokaa sana kimya unasikia mwili wako. Wakati huo ndipo nilipoanza kusikia pigo kifuani, halafu jingine nyuma yake, hafifu, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Nilijiambia ni kile kidoa kinachochelewa. Lakini nilipogeuza uso upande wa Homa Bay, hilo la pili lilisikika vizuri zaidi. Sikumwambia mtu.

Mwezi wa kurudi hospitali ulipokaribia, dani akanipa jibu bila kuulizwa. Tulikuwa tunakula.

"Nitawapa ile yago, wanipe moyo wako," akasema. "Wakikataa wauzime, waufute. Nikirudi nitaizika yago kwa ajili yake, ili uache kukuita."

Nikamuuliza mimi nitakuwa nini, kitu changu kikizikwa nikiwa hai.

"Utakuwa mzima. Baba yako yuko mahali pawili, na sijalala vizuri tangu hapo. Wewe hutakuwa mahali pawili."

Nilitaka kumwambia kwamba picha hiyo ikifutwa hakutakuwa na cha kulinganisha, kwamba wataniambia nisubiri tena, na huku nyama inachoka. Nikaishia kumsogezea sahani.

Alibeba kikapu chake mwenyewe. Pale hospitali mama mmoja kwenye foleni alimuuliza kama amewaletea madaktari viazi, na dani akamjibu kwamba ndiyo, vya aina ambayo haichemshwi. Yule mama akacheka. Mimi niliangalia sakafu.

Ndani, nililala tena kwa ubavu, nikabandikwa nyaya tatu kifuani, na mstari wa mapigo yangu ukaanza kutembea chini ya skrini ya mashine. Dada wa picha alipomaliza kurekodi akaniacha na nyaya hizo, akaenda kwenye kompyuta. Akaweka mioyo miwili ubavu kwa ubavu: wa zamani kushoto, wa leo kulia. Programu iliianzisha pamoja. Vidoa vikakimbia ndani pande zote mbili. Upande wa kushoto kimoja kilichelewa. Upande wa kulia ilichelewa safu nzima.

Nilikuwa najisikia vizuri wakati huo. Ningeweza kuapa kwamba nimepata nafuu.

"Basi ni kupasuliwa," akasema taratibu. "Usingoje. Hizi mbili nitawatumia wale wa hospitali kubwa pamoja, waone unavyokwenda."

Dani hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amesimama mbele ya meza, macho kwenye mioyo ile, akitafuta. Akaniuliza kwa Kijaluo ni upi ulio wangu. Nikamwambia yote miwili. Akasema haiwezekani. Kisha akafungua kikapu, akaondoa leso, akaiweka yago juu ya meza, kando ya kipanya cha kompyuta.

Dada wa picha alisukuma kiti chake nyuma. Alikuwa mtu wa kwetu, alijua ile ni nini. Hakucheka.

"Dani, huyu hajapotea," akasema. "Yuko hapo kitandani."

"Yuko kitandani na yuko humu. Binti yangu, sikuja kugombana. Chukua hii, nipe ule wa kushoto. Kama haubebeki, uzime."

Dada wa picha alieleza. Alieleza vizuri, kwamba bila ule wa kushoto wale wapasuaji hawatajua moyo unachoka upesi kiasi gani, kwamba nitarudishwa mwisho wa foleni. Dani alitikisa kichwa tu, mkono wake juu ya yago. Mwishowe yule dada, nadhani ni kwa kumheshimu, akasema atausimamisha kwanza, dani aone kuwa ni picha, kisha waongee.

Akabonyeza. Moyo wa kushoto ukasimama ukiwa umejikunja.

Na mstari wangu kwenye mashine ukalala. Nilihisi kifuani pengo, kama kukanyaga ngazi isiyokuwepo. Mstari ulitembea bila kupanda, ukatembea. Niliona uso wa dani ukigeuka kutoka kwenye kompyuta hadi kwangu, na mkono wake ukaiachia yago.

"Uachie," akasema. "Uachie uende."

Dada wa picha alikuwa ameshabonyeza. Wa kushoto ukajikunjua, na wangu ukaruka kwa pigo moja kubwa lililotikisa kitanda, ukarudi mwendo wake.

Baadaye alituambia kwamba mioyo yenye kilango kibovu huruka hivyo, kwamba hata mara ya kwanza uliruka, ipo kwenye rekodi. Alisema pia haihusiani na picha. Lakini nilimwona akikiondoa kipanya mbali na mkono wake alipokuwa akitueleza, na alipotaka kutuonyesha jambo jingine alituonyesha kwa kidole.

Dani aliifunga yago kwenye leso. Aliuliza jambo moja tu, kama wale wa hospitali kubwa wataupata ukiwa unapiga. Akaambiwa ndiyo, unatumwa hivyohivyo, na hautasimamishwa. "Basi utangulie," akasema.

Wiki hii tumepigiwa simu kwamba picha zimefika na nafasi yangu ipo. Kesho tunaondoka. Jioni hii dani alinipa yago niibebe mwenyewe hadi chini ya mti ilikochumwa, niiache pale pamoja na nyingine zilizoanguka zenyewe. Sikufika bila kupumzika, nilikaa chini njiani mara nyingi nikiwa nayo mapajani. Ilikuwa imekauka, imekuwa nyepesi kuliko ilivyoonekana. Niliilaza kwenye majani, nikasikiliza.

Pigo la pili bado lipo. Ila halitoki tena upande wa Homa Bay. Linatoka mbali zaidi, mbele, huko tunakokwenda.