Fimbo ya Shaba Kati ya Lengalenga

Ninyi mnaojua mawe ya Goma, mnicheke polepole. Nilipewa kazi ya kufunga kebo kwenye mnara wa redio moja ya Ndosho. Radi ilikuwa imekwisha kuwachomea mashine, kwa hiyo ganda la chuma la kebo lilipaswa kuunganishwa kwa waya na fimbo ya shaba iliyopigwa ndani ya udongo, ili radi ipate njia ya kushuka.

Lakini udongo uko wapi? Asubuhi nzima nilipiga nyundo juu ya mawe ya volkano mpaka mikono ikafa ganzi. Halafu, nyuma ya mnara, nikaona lengalenga zimeota vizuri kati ya mawe. Penye mboga pana udongo, nikajisifu. Fimbo ikaingia kama kidole ndani ya bugali ya moto. Ilipogoma katikati, nikakata kwa msumeno kipande kilichobaki juu, nikafunga waya.

Papa Direkta, mkubwa wa redio, akaja na wafanyakazi wote kutazama kazi.

"Fundi, hiyo iko na nguvu?"

"Papa, hapa hata radi kali ya Masisi itashuka na kulala."

Nikiwa bado ninaeleza, mama anayefagia redio akapita kati yetu, akainama, akalivuta kutoka kati ya mawe gunia la udongo lenye lengalenga, fimbo yangu na waya wangu.

"Mvua inakuja, papa," akaniambia. "Ninahamisha mboga zangu chini ya paa. Hii chuma yako nayo inahama?"