Mzee wa Ndiva Alisema Msivuke

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi, huku Bombo, kijijini kwetu milimani, asubuhi kweupe, na nimeyaandika upya mara nane nikihofia kukosea hata neno.

Niamini, mimi si mshirikina. Si mlokole pia. Shule niliishia kidato cha pili, mengine nimejisomea kwenye simu. Nilikuwa na daftari: kushoto sababu za kuamini kwamba mizimu ipo, kulia sababu za kukataa. Kurasa zikalingana. Nikaona jibu la haki ni "sijui", na nikajivunia.

Asubuhi hiyo dada yangu Upendo alishikwa na uchungu wa kuzaa kabla ya siku zake kutimia. Bodaboda akaitwa ampeleke hospitali, bondeni, ng'ambo ya daraja. Nami nikakimbia kwanza hadi ndiva, bwawa letu la kumwagilia, nimwombe jirani atushikie zamu yetu ya maji, maana zamu ikipita tangawizi inakauka. Ukungu ulikuwa mzito. Ukingoni ameketi mzee mgawa maji, mkono juu ya kizibo.

Nikampa shikamoo, kwa mazoea.

"Marahaba. Leo msivuke daraja."

Nilishapiga hatua tano nilipokumbuka kwamba tulimzika mwaka jana. Hata mimi nilitupia udongo. Nikageuka. Hapakuwa na mtu, ila kizibo kimechomolewa na maji yanakwenda shambani kwetu. Jirani anaapa hadi leo kwamba hakukigusa.

Nyumbani nikasimulia. Kuna njia ya kuzunguka juu, msituni, inaongeza nusu saa. Dereva akacheka. "Kaka, marehemu si trafiki." Mama hakucheka. Aliniuliza kama naamini nilichokiona, kwa kuwa nimeona peke yangu na wao wangefuata neno langu.

"Sijui, mama."

"Mwenzio anaumwa, wewe hujui?"

Nikaomba dakika kumi nifikiri. Labda ni usingizi. Labda ni yeye kweli. Wewe ungesema nini? Dakika zikawa saa nzima, Upendo kashika mwimo wa mlango, ananitazama. Mwishowe mama akampakia, akapanda nyuma yake, wakapita darajani. Nikawafuata kwa miguu. Daraja halikuwa na kitu.

Mtoto alizaliwa amekufa. Nesi alisema, "Mngewahi kidogo tu, angeishi."

Sasa niambie, mzee alidanganya? Au hatari ilikuwa darajani katika ile saa niliyoipoteza, ikapita? Daftari nililichoma, kisha nikaanza jingine. Silali. Upendo hajanilaumu. Huniuliza tu kama mzee alimtaja mtoto.

Jibu langu bado ni sijui, kwa sababu ndiyo kweli yenyewe. Lakini nakusihi, wewe unayejivunia kutojua kama nilivyojivunia mimi: mgonjwa akiwa mlangoni, shika njia yoyote uondoke. Hata kwa ile ya msituni, tungefika mapema.